Wanajua Kunawa, Sabuni Haipo: Maji na Usafi kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Meru na Embu

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu Meru au Embu huacha nyuma mambo mengi aliyokuwa akifanyiwa na wengine. Nyumbani mzazi ndiye aliyechemsha maji. Katika shule ya bweni kulikuwa na kengele, zamu ya kufagia na mwalimu aliyekagua vyoo. Chuoni hakuna wa kumkagua. Maji anayokunywa, choo anachotumia, sabuni anayonunua au kuiacha dukani, yote hayo huyaamua mwenyewe, tena akiwa na miaka 18 au 19 tu. Tabia zake za usafi hujengwa upya katika miezi hiyo ya mwanzo, na hujengwa kulingana na mahali anapolala.

Vyuo vyenyewe ni vichanga. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru kando ya barabara ya Meru kuelekea Maua, kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia mwaka 2008, kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Embu kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2011, kikapata hati yake mwaka 2016. Ukiongeza Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya mjini Meru na Chuo Kikuu cha Chuka kilicho katikati ya njia ya Meru na Embu, miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya imepokea maelfu ya vijana katika muda mfupi. Mabweni hayawatoshi. Wengi hupanga nje, katika vyumba vya Nchiru, vya Kangaru kule Embu na vya viunga vingine, baadhi vikiwa ploti za zamani zenye choo kimoja uani na vingine majumba ya ghorofa yaliyoinuka haraka kuliko mabomba ya maji safi na ya maji taka.

Kwa upande wa maji, kinachowaponza wengi katika eneo hili ni sifa ya mlima. Rupingazi na Kapingazi upande wa Embu, na Kathita upande wa Meru, hutiririka kutoka Mlima Kenya zikiwa baridi na angavu, na wenyeji wamezinywa kizazi baada ya kizazi. Mgeni naye hujifunza upesi kuyaamini maji yanayong'aa. Lakini kabla ya kufika mjini mto huwa umepita mashamba ya majani chai, ukapita viwanda vya kahawa, ukapita malisho ya ng'ombe na makazi ya watu. Mvua za masika na za vuli husomba kila kilichoachwa juu ya ardhi na kukitia mtoni, kinyesi cha mifugo na cha binadamu kikiwemo. Vimelea vya homa ya matumbo, kipindupindu na amiba havina rangi wala harufu, na ubaridi wa mlima hauviui. Maji angavu yanaweza kuwa machafu kabisa.

Maji yanayosambazwa na kampuni za kaunti, EWASCO kule Embu na MEWASS mjini Meru, husafishwa na kutiwa dawa ya klorini. Usalama huo hudumu mradi maji yako ndani ya bomba lenye nguvu ya msukumo. Mgao unapoanza na bomba kubaki tupu, penye ufa huvuta uchafu kutoka kwenye udongo unaolizunguka, ndiyo sababu maji ya kwanza baada ya kukatika hutoka yakiwa na rangi ya matope. Mpangaji mwenye busara huyaacha hayo yapite au huyatumia kudekia sakafu. Kisha kuna tangi la juu ya paa. Tangi lisilo na kifuniko, au lisilooshwa mwaka mzima, huharibu kazi yote iliyofanywa na kampuni ya maji, na ni mara chache mpangaji hupanda kulitazama.

Hali ni ngumu zaidi katika sehemu kavu za Tigania, upande wa Meru. Meru, Embu na Tharaka-Nithi zimo katika orodha ya kaunti 23 za Kenya zenye maeneo kame au nusu kame, na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo hayo. Mfereji ukikauka, mwanafunzi huwategemea wauzaji wanaoleta mitungi kwa pikipiki na mikokoteni. Muuzaji akisema ni maji ya kisima kirefu, mnunuzi hana njia ya kuthibitisha. Jambo analoweza kulithibitisha ni bei, na bei ya mtungi hupanda kiangazi kinapokaza.

Hapo hesabu ya maji huanza kubana usafi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu huhitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili mahitaji yake yote ya msingi yatoshelezwe. Mwanafunzi mwenye mitungi miwili ya lita 20 ana lita 40, na mara nyingi hizo ni za siku mbili au tatu. Choo cha kuvuta hutumia lita 6 hadi 9 kila kinapovutwa. Mtu akivuta choo mara tatu kwa siku, mtungi mzima au karibu wote umekwisha kabla hajapika wala kuoga. Katika hali hiyo cha kwanza kuachwa ni kile ambacho hakuna anayekiona, yaani kunawa mikono, halafu kuvuta choo. Kumwita kijana huyu mchafu ni kumwonea. Anagawa maji kidogo aliyo nayo kama afanyavyo mama yeyote wa nyumbani wakati wa kiangazi.

Maji ya kunywa, hata yakiwa machache, yanaweza kufanywa salama bila gharama kubwa. Kuchemsha ndiyo njia ya zamani na bado ni ya kutegemewa. Miji ya Meru na Embu iko juu kiasi kwamba maji huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 95, na wapo wanaodhani joto hilo halitoshi. Linatosha. Vimelea vya tumboni hufa kabla ya kufikia hapo, mradi maji yaachwe yatokote vizuri kwa dakika moja au zaidi. Kikwazo halisi ni nishati, kwani gesi ni ghali na wenye nyumba wengi hukataza hita za umeme. Asiyeweza kuchemsha ana klorini ya chupa inayouzwa madukani kwa jina la WaterGuard: kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20 wa maji angavu, kisha kusubiri dakika 30. Maji yenye matope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi. Wanaolalamikia harufu ya dawa wajue kwamba harufu hafifu inayobaki ndiyo dalili kuwa kinga ingalimo.

Wengi hutibu maji halafu huyachafua upya chumbani, na hapa panafaa kutazamwa kwa karibu. Katika kona ya chumba cha mwanafunzi mmesimama mtungi wa manjano uliowahi kubeba mafuta ya kupikia. Kifuniko chake kilipotea muhula uliopita, na mahali pake pamezibwa kwa kipande cha mfuko. Ukimulika ndani kwa tochi ya simu unaona utelezi wa kijani umeshika kuta, kwa sababu mdomo wa mtungi ni mwembamba na mkono hauingii kuusugua. Kando yake kuna ndoo wazi ya maji ya kunywa, na kikombe kinachoelea humo kimeshikwa na kila rafiki aliyeingia tangu asubuhi. Vidole hufika kwenye maji pamoja na kikombe. Dawa yake ni rahisi: mtungi husuguliwa kwa kutiwa changarawe safi, sabuni na maji kidogo kisha kutikiswa kwa nguvu, na maji ya kunywa hutiwa kwenye chombo chenye kifuniko na mfereji mdogo chini, au humiminwa bila kuchotwa.

Vyoo navyo vina hesabu yao. Ploti yenye vyumba kumi na choo kimoja haina mwenyewe wa kukiosha. Zamu hupangwa mwanzoni mwa muhula, hufuatwa kwa majuma machache, kisha mmoja hukosa na wengine hukata tamaa. Katika nyumba mpya, kinyesi huishia kwenye shimo lililojengwa chini ya uwanja, ambalo likijaa huhitaji lori la kunyonya maji taka. Mwenye nyumba anayechelewa kuita lori huacha maji machafu yafurike mtaroni, na mtaro huo hupita mbele ya vibanda vya chakula. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba choo cha shimo kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kisima. Katika viwanja vidogo vilivyobanana karibu na vyuo umbali huo ni adimu, na kisima cha jirani mmoja huweza kuwa hatua chache tu kutoka shimo la jirani mwingine.

Wanawake huumizwa zaidi na vyoo vibaya. Wapo wanaojizuia kunywa maji siku nzima ya masomo ili wasilazimike kutumia choo kichafu au kisicho na komeo. Kuzuia mkojo kwa saa nyingi na kutokunywa maji ya kutosha huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, na mwanafunzi huishia kutibiwa ugonjwa ulioanzia kwenye mlango usiofungika. Hedhi huongeza mzigo. Mwaka 2017 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi, serikali ikapewa jukumu la kuwapa sodo bila malipo wasichana walio katika shule za umma. Sheria hiyo huishia shule ya sekondari. Msichana yuleyule, akitoka katika familia ileile, anavuka lango la chuo na kujikuta anajinunulia kutoka kwenye pesa za chakula. Na hata anayeweza kununua hana mahali pa kutupa: choo kisicho na pipa lenye kifuniko hulazimisha sodo iliyotumika kutupwa shimoni au kwenye bomba, bomba huziba, na lawama huwaangukia wasichana. Pipa moja katika kila choo cha wanawake, likimwagwa kila siku, lingeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Vyuo havina kisingizio cha kushindwa kulinunua.

Kuhusu mikono, elimu ipo. Hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya asiyejua kwamba mtu hunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Alifundishwa shule ya msingi, akakumbushwa kila siku tangu Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini. Hata hivyo kujua na kutenda ni mambo mawili. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba ni takriban asilimia 19 tu ya watu duniani wanaonawa kwa sabuni baada ya kugusa kinyesi. Watu wakiulizwa hujibu kwamba wananawa. Wakitazamwa bila kujua, hesabu hushuka. Na elimu ya juu haikingi mtu peke yake. Mnamo Juni 2017 makumi ya washiriki wa kongamano la kisayansi lililofanyika katika hoteli moja jijini Nairobi waliugua kipindupindu.

Tofauti kati ya kujua na kutenda mara nyingi hupimwa kwa hatua. Sinki likiwa mlangoni mwa choo, lenye maji na sabuni, watu hunawa. Likiwa upande wa pili wa uwanja, au likiwa na mfereji mkavu, watu hupangusa mikono kwenye suruali na kuendelea na safari. Wakati wa korona kila lango la chuo, kila duka na kila kibanda kilikuwa na tangi lenye mfereji, mengine yakifunguliwa kwa kukanyaga ubao ili mkono usiguse. Baada ya hofu kupita, sabuni ilikuwa ya kwanza kutoweka, kisha maji, na matangi mengi yakabaki makavu mahali pake. Yaliyofanyika 2020 yalionyesha kwamba vifaa hivyo ni rahisi kuwekwa. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa kazi ya kuvijaza.

Kipo pia kishawishi cha macho ya wengine. Watafiti kutoka London waliochapisha kazi yao mwaka 2009 waliweka vihesabio katika vyoo vya kituo kimoja cha barabara kuu huko Uingereza na kubadilisha ujumbe uliowekwa mlangoni. Kwa kawaida asilimia 32 tu ya wanaume na asilimia 64 ya wanawake ndio waliotumia sabuni. Miongoni mwa ujumbe uliofanikiwa zaidi ni ule uliomuuliza anayeingia kama mtu aliye kando yake ananawa kwa sabuni. Haukutaja vijidudu wala magonjwa. Funzo hilo linawafaa wanaopanga kampeni za usafi vyuoni, ambazo bado hupenda mabango marefu ya maelezo ya kitabibu. Kijana wa miaka 20 hujali sana anavyoonekana na wenzake, na sinki lililo mahali pa wazi humshawishi kuliko bango.

Nje ya lango la chuo ndiko maji, mikono na mitaro hukutana kwenye sahani. Vibanda huwalisha wanafunzi kwa bei wanayoimudu, na bila vibanda hivyo wengi wangelala njaa. Chakula kinachotolewa kikiwa moto, kama githeri, chapati kutoka kwenye kikaango na maharagwe yanayotokota, kwa kawaida ni salama, kwani moto umekwisha kuua vimelea. Hatari iko kwenye vibichi. Soseji au yai la kuchemsha hupasuliwa katikati na kujazwa kachumbari iliyokatwa asubuhi, nyanya zake zikioshwa kwenye beseni moja ambalo maji yake hayajabadilishwa. Miraa nayo, zao linalolisha familia nyingi za Tigania na Igembe, hutafunwa mbichi, ikitoka kwa mchumaji kwenda kwa mfungaji hadi kwa muuzaji, na mara nyingi haipitishwi kwenye maji kabla ya kutiwa mdomoni.

Sheria ya Kenya humtaka anayeuza chakula awe na cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho hufanywa upya kila miezi 6. Sababu yake inajulikana tangu mwaka 1907, mpishi Mary Mallon alipogunduliwa jijini New York kuwa anaeneza homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili zozote. Mtu aliyepona anaweza kubaki na vimelea mwilini kwa miaka. Mteja anayeomba kuona cheti hamdharau muuzaji, na muuzaji aliyekipata hukitundika kwa fahari.

Matokeo ya haya yote huonekana kwenye zahanati, na huko kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mwanafunzi mwenye homa na anayeumwa kichwa na tumbo hupimwa damu kwa kipimo cha Widal na kuambiwa ana "taifodi". Kipimo hicho huangalia kingamwili, ambazo zinaweza kuwa zimetokana na ugonjwa wa zamani au vimelea vingine kabisa, kwa hiyo hukosea mara nyingi. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu katika maabara, kazi inayochukua siku kadhaa na inayohitaji vifaa ambavyo zahanati ndogo hazina. Matokeo yake ni vijana wanaomeza viuavijasumu mara kwa mara kwa ugonjwa ambao pengine hawana, huku homa ya matumbo isiyosikia dawa za kawaida ikiwa imekwisha kuthibitishwa nchini Kenya. Julai 2025 serikali ilizindua chanjo ya ugonjwa huo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Wanafunzi wa vyuo vikuu wako nje ya kundi hilo. Kinga waliyo nayo ni maji salama na sabuni.

Utaalamu wa kurekebisha mambo haya haupo mbali. Chuo Kikuu cha Meru kina Taasisi ya Utafiti wa Usafi wa Mazingira, inayochunguza namna ya kutibu kinyesi na kukigeuza kitu chenye faida, na kinafundisha shahada ya uzamili katika fani hiyo. Ni jambo la kujivunia kwa kaunti, na pia ni deni. Maarifa yanayosafirishwa kwenye makongamano yanapaswa kuonekana kwanza katika ploti za Nchiru, ambako wanafunzi wa chuo hichohicho hulala. Wanafunzi wanaosomea afya ya jamii wangeweza kupima klorini katika maji ya nyumba za kupanga kila muhula na kubandika matokeo ubaoni, ili mwenye nyumba anayeosha tangi lake apate wapangaji na asiyeliosha ajieleze.

Haki yenyewe imeandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yenye kiwango kinachofaa cha usafi, na maji safi na salama ya kutosha. Huduma za maji na afya ya umma ni kazi ya serikali za kaunti tangu 2013, na Sheria ya Afya ya Umma huwapa maafisa wake uwezo wa kukagua nyumba na kuamuru uchafu uondolewe. Mpangaji anayelipa kodi ana haki ya kwenda katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo na kuripoti shimo linalofurika, na malalamiko ya wapangaji kumi waliotia sahihi pamoja huwa na uzito kuliko ya mmoja. Vyuo navyo, vinapowapa wanafunzi wapya orodha za nyumba za nje, viondoe katika orodha hizo nyumba isiyo na maji karibu na choo.

Kwa mwanafunzi anayetafuta chumba muhula ujao, iwe Nchiru, iwe Kangaru, ushauri ni huu: kabla ya kulipa amana, nenda chooni, funga komeo, vuta maji, kisha tafuta mahali pa kunawa na ufungue mfereji. Mfereji usipotoa maji, tafuta nyumba nyingine.